MAMBO YANAYOONGEZA MATUMIZI YA MAFUTA KATIKA GARI ZA PIKAPU

Visiwa vya Unguja na Pemba havina kisima cha mafuta wala kiwanda cha kuyasafisha. Umeme hutufikia kwa waya uliolazwa chini ya bahari, Unguja tangu mwaka 1980 na Pemba tangu mwaka 2010. Lakini kila lita ya petroli na dizeli inayotiwa katika gari huletwa kwa meli, na bei yake hufuata soko la dunia ambalo sisi hatuna kauli ndani yake. Mtumiaji amebakishiwa uwezo mmoja tu, nao ni namna anavyoitumia lita hiyo baada ya kuinunua. Makala haya yanaeleza, kwa faida ya watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla, ni mambo gani hasa yanayoifanya pikapu ile mafuta mengi kuliko inavyostahiki.

Pikapu imechaguliwa kwa makusudi. Hiyo ndiyo gari inayobeba kazi za visiwa hivi. Chanjo zinazopelekwa vituo vya afya vya pembezoni, karatasi za mitihani ya skuli, mabomba ya maji na miche ya mabwana shamba, vyote hupanda pikapu. Kwa upande wa wananchi, pikapu hubeba karafuu kutoka mashamba ya Pemba, mwani kutoka pwani ya mashariki ya Unguja, samaki, saruji na mchanga. Ofisi hupangiwa fungu la mafuta kwa mwezi. Fungu hilo linapomalizika tarehe 20, safari zilizobaki hazifanyiki, na kwa kawaida zile zinazoahirishwa mwanzo ni za vijiji vilivyo mbali. Taarifa ya mwezi huandika kwamba mafuta hayakutosha. Haiandiki kwamba sehemu ya mafuta hayo iliteketea pale pale mlangoni mwa ofisi, gari ikiwa imesimama.

KUPIMA KABLA YA KULAUMU

Watu wengi husema gari yao "inakunywa" bila ya kuwa na kipimo chochote mkononi. Sindano ya dashibodi si kipimo. Njia iliyo sahihi ni nyepesi, na haihitaji fundi. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, kisha andika kilomita zinazooneshwa na gari. Endesha kama kawaida kwa siku kadhaa, angalau kilomita 300. Rudi katika kituo kile kile, ikiwezekana pampu ile ile, ujaze tena mpaka pampu ijikate, na uandike lita zilizoingia. Gawa kilomita kwa lita. Pikapu iliyokwenda kilomita 420 na ikapokea lita 42 imekwenda kilomita 10 kwa kila lita.

Hesabu ya mara moja haitoshi. Pengine siku hiyo ilikuwa na mzigo mkubwa au njia mbaya. Hesabu nne au tano zikifuatana ndizo zinazoonesha tabia ya gari, na tokea hapo mabadiliko yoyote huonekana mara moja. Gari iliyokuwa ikienda kilomita 10 kwa lita, ikashuka mpaka 8 bila ya kubadilishwa njia wala mzigo, ina hitilafu, au tangi linavuja, au mafuta yanakwenda kwingine. Daftari la safari halitaji mtu jina, lakini linamwonesha msimamizi wa usafiri mahali pa kuanzia kuuliza. Izingatiwe pia kwamba gari iliyofungwa tairi kubwa kuliko za kiwandani huhesabu kilomita pungufu, na hivyo huonekana inakula zaidi kuliko kweli.

MGUU WA DEREVA

Pikapu tupu yenye dereva wake ina uzito wa tani moja na nusu hadi mbili. Kuitoa mahali iliposimama na kuifikisha mwendo wa kilomita 60 kwa saa kunahitaji nguvu, na nguvu hiyo inatoka katika tangi. Injini hupoteza sehemu kubwa ya mafuta kwa njia ya joto. Robo tu hivi, pengine zaidi kidogo kwa dizeli, ndiyo inayofika magurudumuni. Kwa hesabu hiyo, kuifikisha gari ya kilo 1,700 mwendo wa kilomita 60 kunagharimu kiasi cha vijiko viwili vya chakula vya mafuta. Dereva anapokanyaga breki, vijiko hivyo hugeuka joto katika pedi na ngoma za breki, na havirudi tena. Anayefanya hivyo mara 30 kwa siku ametupa karibu na lita moja bila ya kusogea hatua ya ziada.

Gharama hiyo haiongezeki sambamba na mwendo. Inaongezeka kwa mraba wake. Gari inayosimamishwa kutoka kilomita 80 inapoteza karibu mara mbili ya ile inayosimamishwa kutoka 60. Ndiyo maana dereva anayekimbilia tuta, akafunga breki mbele yake, kisha akakanyaga mafuta kwa hasira kulikimbilia tuta linalofuata, humaliza tangi mapema na kufika pamoja na mwenziwe aliyekwenda taratibu. Katika njia zinazopita vijijini, ambako matuta ni mengi na watoto wa skuli wanavuka, kuondoa mguu mapema na kuiacha gari ipunguze mwendo yenyewe ni akiba ya mafuta, ya breki na ya roho za watu kwa wakati mmoja. Uchunguzi uliofanywa Marekani umeonesha kwamba uendeshaji wa pupa unaweza kupunguza masafa ya kila lita kwa asilimia 10 hadi 40 katika njia za kusimama na kwenda. Hakuna kipuri kinachouzwa dukani chenye uwezo wa kuokoa kiasi hicho.

Gia nayo ina sehemu yake. Injini inayolia kwa mizunguko mingi katika gia ya pili hula zaidi ya ile inayokwenda mwendo ule ule katika gia ya tatu au ya nne. Dereva apande gia mapema, bila ya kuilazimisha injini mpaka ikatetemeka, kwani kutetemeka huko ni dalili kwamba gia imekuwa ya juu mno kwa mzigo uliopo.

Baada ya mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa, upepo unaanza kuwa adui mkubwa kuliko barabara. Pikapu ina uso mpana na mgongo uliokatika, na hewa haiipiti kwa upole. Ukinzani wa hewa nao huongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 60 hadi 90 unakua mara mbili na robo. Katika safari ya kilomita 50, anayekwenda 90 badala ya 70 anaokoa dakika zisizofika kumi, na hizo ni kwa njia nyeupe isiyo na ng'ombe wala daladala iliyosimama, njia ambayo Unguja haipatikani kwa urahisi. Mwaka 1974, baada ya mafuta kuadimika duniani, Marekani iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi, katika barabara zake kuu zote. Kikomo hicho cha nchi nzima kiliondolewa mwaka 1995, lakini hesabu ya upepo iliyokuwa nyuma yake haikubadilika.

Wakaazi wa visiwani wanaujua upepo kuliko watu wa bara, na wanaweza kulipima jambo hili wenyewe. Wakati wa kusi, gari inayotoka Mjini kuelekea Makunduchi kwa kilomita 70 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 20 hupigana na hewa kana kwamba inakwenda 90. Ikirudi na upepo mgongoni hupigana na hewa ya kilomita 50 tu. Kwa hivyo dereva asishangae kuona safari mbili za njia moja zimekula tofauti. Pale upepo unapokuwa wa mbele, kupunguza mwendo kidogo hulipa zaidi kuliko siku nyengine.

GARI INAYOSUBIRI

Hapa pana jambo ambalo kila apitaye mbele ya majengo ya ofisi hulishuhudia. Pikapu imesimama chini ya mwembe, injini inanguruma, kiyoyozi kinafanya kazi, dereva amelaza kiti anamsubiri mkubwa wake amalize mkutano. Gari hiyo inakwenda kilomita sifuri kwa lita. Pikapu ya petroli yenye injini ya lita mbili au zaidi, ikiwa imesimama na kiyoyozi kimewashwa, hula lita moja au zaidi kwa saa. Ya dizeli hula kidogo kuliko hiyo. Tuchukue lita moja. Kusubiri saa mbili kwa siku, katika siku 22 za kazi, ni lita 44 kwa mwezi. Kwa gari ya kilomita 10 kwa lita, hizo ni kilomita 440, yaani kiasi cha safari tatu za kwenda na kurudi baina ya Mjini na Makunduchi. Safari tatu za chanjo zimeteketea chini ya mwembe.

Lawama za jambo hili asibebeshwe dereva peke yake. Mara nyingi yeye amefahamishwa, kwa maneno au kwa uso uliokunjwa, kwamba mkubwa hapendi kuingia katika gari yenye joto. Mwenye kutoa agizo ndiye mwenye kuliondoa. Milango ikifunguliwa dakika moja kabla ya kuondoka, na vioo vikateremshwa kwa mita mia chache za mwanzo, joto kubwa hutoka bila ya gharama. Kisha kiyoyozi kitapata kazi nyepesi. Katika mwendo wa mjini vioo vilivyoteremshwa vinatosha kwa watu wengi.

Wapo wanaoamini kwamba kuwasha injini upya kunakula mafuta mengi kuliko kuiacha ikinguruma. Imani hiyo haina msingi kwa injini nzima. Kuwasha kunagharimu kiasi cha mafuta ya sekunde kumi za kunguruma. Kwa ajili ya kulinda stata na betri, mtu anaweza kuweka mpaka wake kuwa nusu dakika au dakika moja. Akijua atasimama zaidi ya hapo, azime. Isipokuwa dizeli yenye tabo iliyotoka kukimbia sana au kupanda mlima na mzigo: hiyo iachwe dakika moja ipoe kabla ya kuzimwa. Asubuhi, vilevile, hali ya hewa yetu haidai kuipasha gari moto kwa dakika kumi. Nusu dakika inatosha, kisha iendeshwe kwa upole mpaka sindano ya joto ipande.

MTEREMKO, MLANGO WA NYUMA NA IMANI NYENGINE

Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na baina ya Mkoani na Chake Chake dereva hupanda na kuteremka mara nyingi. Wengine huweka gia huru katika mteremko, au huzima injini kabisa, wakidhani wanaokoa. Injini nyingi za siku hizi zinazopulizia mafuta kwa nozeli, za petroli na za dizeli, hukata mafuta zenyewe pale dereva anapoondoa mguu gari ikiwa ndani ya gia. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Akitia gia huru, injini hulazimika kula mafuta ili isizime. Kwa hivyo kinyume cha alichokusudia ndicho kinachotokea. Kwa injini kongwe ya kabureta, ambayo haikati mafuta kabisa, akiba inayopatikana ni ndogo mno, nayo haistahiki hatari yake: breki hubeba uzito wote peke yake na kupata moto, na injini ikizimwa nguvu inayosaidia kanyagio la breki hupotea baada ya kukanyaga mara chache. Pikapu iliyopakia magunia ya karafuu haitakiwi kuteremka namna hiyo.

Imani nyengine ni kwamba pikapu ikiendeshwa na mlango wa nyuma wa bodi ukiwa umeteremshwa, hewa hupita na mafuta hupungua. Kwa macho inaonekana hivyo. Majaribio ya kuipulizia gari upepo ndani ya chumba maalumu yameonesha vyengine: mlango ukifungwa, hewa hujizungusha ndani ya bodi na kufanya kama mto, na hewa inayotoka juu ya paa la gari huteleza juu ya mto huo. Mlango ukiteremshwa, mto huo huvunjika. Basi mlango ufungwe, na mzigo hautaanguka njiani. Turubai lililofungwa likanyooka juu ya bodi linasaidia kidogo. Lililolegea na kupepea linaharibu. Keria ya paa iliyokaa tupu mwaka mzima iondolewe.

Ama kununua mafuta alfajiri kwa kutaka yaliyo baridi, hakuna haja ya kuamka mapema. Matangi ya vituo yamezikwa ardhini na joto lake habadiliki sana kati ya asubuhi na mchana. Kutia nusu tangi ili gari iwe nyepesi nako hakuna maana kubwa: lita 40 zina uzito wa kilo 30 na kitu, na safari mbili za ziada za kwenda kituoni zitakula faida yote.

Uzito unaostahiki kuangaliwa ni ule unaosahauliwa. Ukaguzi wa bodi ya pikapu moja ya kazi hauwezi kukosa vipande vya chuma, mfuko wa saruji ulioganda, tairi lililochoka na mchanga wa juzi. Kwa gari za kawaida, kila kilo 45 za ziada hukadiriwa kuongeza matumizi kwa asilimia moja, ingawa kwa gari nzito huwa chini ya hapo, na hasara ni kubwa zaidi mjini ambako gari husimama na kuondoka. Kwa wabebaji wa mwani, jambo hili lina uzito wake: mwani mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, na kuusafirisha kabla ya kukauka ni kulipia mafuta ya kubeba maji ya bahari. Na kwa ofisi, pikapu tatu za idara tatu kwenda Mkokotoni siku moja, kila moja na bahasha yake, ni upungufu wa mpango kabla ya kuwa upungufu wa mafuta. Simu moja baina ya wasimamizi wa usafiri ingeliweza kuziacha mbili nyumbani.

GARI YENYEWE

Tairi ndilo la mwanzo. Upepo ukipungua, tairi hujikunja zaidi kwa kila mzunguko, hupata moto, na injini hulipia moto huo. Kipimo sahihi kimeandikwa katika kibandiko kilichopo kwa kawaida kwenye fremu ya mlango wa dereva, na mara nyingi tairi za nyuma huwa na kipimo chake cha gari ikiwa na mzigo. Upimaji ufanywe asubuhi tairi zikiwa baridi. Anayeteremsha upepo ili apite mchangani karibu na bahari anafanya sawa. Kosa ni kurudi barabara ya lami bila ya kuujaza tena. Kadhalika, gari yenye uwezo wa kuendesha magurudumu manne irudishwe kwenye mawili mara ikitoka matopeni. Kuiacha ikivuta yote manne juu ya lami huongeza mafuta na huharibu gia zake.

Hewa ya chumvi ni tatizo ambalo vitabu vya magari vilivyoandikwa mbali havilitilii mkazo. Chumvi hula waya wa breki ya mkono na pini za breki, zikagoma kurudi, na gurudumu likaendeshwa likiwa limeshikwa nusu. Dereva huhisi gari nzito tu. Kulijua ni rahisi: baada ya safari ya dakika ishirini bila ya breki nyingi, karibisha kiganja penye kila gurudumu, bila ya kugusa chuma. Lile lenye joto kuliko wenziwe linashikwa. Gari inayokaa karibu na pwani, na hasa inayokanyaga maji ya chumvi, ioshwe chini kwa maji matamu.

Chujio la hewa huziba haraka katika njia za kifusi, ambako vumbi jeupe la mawe ya chokaa huingia kila mahali wakati wa kiangazi. Katika injini za kabureta chujio lililoziba huongeza mafuta moja kwa moja. Katika injini mpya hupunguza nguvu zaidi kuliko kuongeza mafuta, lakini dereva anayekosa nguvu hukanyaga zaidi. Oili nzito kupita iliyoelekezwa katika kitabu cha gari nayo huichosha injini.

Jambo moja la karakana zetu linahitaji kusemwa wazi. Gari inapochemka, mafundi wengi hung'oa themostati na kuitupa, wakisema nchi ya joto haiihitaji. Themostati ndiyo inayozuia maji ya rejeta yasipite mpaka injini ifikie joto lake la kazi, ambalo kwa injini nyingi ni baina ya nyuzi 80 na 95. Bila yake injini huchelewa kufikia joto hilo, na katika safari fupi za mjini, pengine haifiki kabisa. Mafuta hayaungui vizuri, oili hubaki nzito, na injini zenye kompyuta huendelea kupewa mafuta mengi kana kwamba ndiyo kwanza zimewashwa. Gari inayochemka ina sababu yake: rejeta imeziba, feni haifanyi kazi, pampu ya maji imechoka, au maji yanavuja. Sababu hiyo itafutwe, na themostati mpya irejeshwe mahali pake.

Kwa gari za dizeli, wakati wa masika chujio la mafuta likaguliwe na maji yaliyojikusanya chini yake yamwagwe kupitia kizibo chake. Tangi linalolala karibu tupu usiku huvuta hewa yenye unyevu, na unyevu huo huwa matone ifikapo alfajiri. Kwa hivyo gari inayotarajiwa kulala siku nyingi bila ya kazi ilazwe ikiwa imejazwa, na kilomita zake ziandikwe katika daftari siku hiyo hiyo.